Shina Kwanza, Nguo Baadaye: Hotuba kuhusu Mutuba na Nguo ya Gome

Maneno haya yalisemwa Kisumu mbele ya wenye vitalu vya miche, mafundi cherehani na wachongaji kutoka Siaya, Vihiga, Kakamega, Bungoma, Busia na Kisumu yenyewe. Tumeyaweka hapa yote kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika. Picha zilizokuwa ukutani tumeziacha.

Mzee mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, vijana, mafundi wa mikono: hamjambo? Kule nyuma sikuwasikia. Hamjambo? Haya, sasa tuko pamoja.

Tangu mkutano huu utangazwe, swali lililoulizwa kuliko yote ni moja: nyundo za kupigia gome la mti mpaka liwe nguo zinauzwa wapi? Ndugu zangu, hilo ni swali la tatu. Swali la kwanza ni hili: mti unao? La pili: ukishauvua gome, unajua kuufanya uendelee kuishi? Asiye na majibu ya hayo mawili akinunua nyundo leo, mwakani atakuwa na nyundo na kisiki. Kwa hiyo leo tutakaa sana kwenye shina, kisha ndipo tufike kwenye nguo.

Mti tunaouzungumzia Waganda wanauita mutuba. Jina lake la kitaalamu ni Ficus natalensis, wa jamii moja na mikuyu yetu, na wala si mgeni huku Magharibi. Upo kwenye ua za boma, upo kingoni mwa misitu, upo katikati ya migomba. Wengine wenu mmeupita asubuhi hii mkija, na pengine umefungiwa mbuzi.

Lakini si kila mkuyu ni mutuba, na hapa watu hupotea mapema. Ule mkuyu mkubwa wa kando ya mto, wenye shina la manjano na majani yanayokwaruza mkono, siyo. Jani la mutuba ni laini, jembamba upande wa kikonyo na pana kuelekea mbele, na ncha yake ni butu. Ukilichuma linatoa utomvu mweupe. Matunda ni madogo, hukaa mawili mawili pale jani linapoungana na tawi, na kila tunda lina kikonyo chake. Una ndugu yake anayefanana naye mno, Ficus thonningii, ila huyo matunda yake kwa kawaida hukaa kwenye tawi bila kikonyo. Mkibishana, subirini mti uzae ndipo muamue. Na ukiupata ule ambao wazee wa kijiji hufanyia mikutano au matambiko chini yake, uache. Huo una kazi yake tayari.

Sasa tuingie kwenye jeraha.

Nani hapa hajui namna ya kuua mti bila shoka? Unauvua gome kuzunguka shina, basi. Chakula kinachotengenezwa kwenye majani hushuka kwa njia ya gome la ndani, ilhali maji hupanda kwa njia ya mbao. Ukikata pete kuzunguka shina, maji yanaendelea kupanda, majani yanabaki ya kijani, na wewe unajisifu kwamba mti haukudhurika. Kumbe mizizi inakufa njaa huko chini. Ukija kuona majani yanapukutika, miezi imepita na hakuna la kufanya.

Mnaukumbuka mwiritsa? Wataalamu wanauita Prunus africana. Tangu miaka ya 1970 gome lake limekuwa likinunuliwa Ulaya kwa kutengeneza dawa ya tezi dume, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza. Kule Kamerun, kwenye mlima wenye jina la nchi hiyo, paliwekwa utaratibu mzuri: vua robo mbili tu za shina, zinazotazamana, acha robo mbili nyingine zilishe mizizi, kisha subiri miaka kadhaa kabla ya kurudi. Nani angeupinga utaratibu huo? Lakini bei ilipopanda, robo ikawa nusu, nusu ikawa shina zima, na wengine wakaangusha mti kabisa ili wafikie gome la matawi ya juu. Mwaka 1995 biashara ya kimataifa ya mwiritsa iliwekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES. Hapo misitu mingi ilikwisha jaa mifupa ya miti imesimama mikavu.

Mutuba nao huvuliwa kuzunguka shina lote, kutoka karibu na ardhi mpaka chini ya matawi. Na mwaka unaofuata uko hai, una gome jipya. Kwa nini huu uishi na ule ufe?

Sababu ya kwanza ni maumbile ya mti. Kati ya gome na mbao pana utando mwembamba sana wa chembe changa, unaoitwa kambiamu. Msimu wa mvua utando huu unafanya kazi kwa bidii, umejaa maji, unateleza kama bamia, na gome huachia hapo bila ubishi. Sehemu ya chembe hizo changa hubaki juu ya mbao. Zikibaki na unyevu, na zisipopigwa na jua, zinaanza kugawanyika upya na kujenga gome jingine uso mzima kwa pamoja. Mutuba una kipaji kikubwa cha kufanya hivyo. Sababu ya pili, na hii ndiyo iliyo mikononi mwenu, ni kwamba Waganda walijifunza zamani kuulinda uso huo tangu dakika gome linapotoka.

Tazameni kazi inavyokwenda. Msimu ni wa mvua, tena mvua iliyokwisha kolea, si ile ya kwanza ya kutuliza vumbi. Asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali. Jambo la kwanza si kisu. Jambo la kwanza ni kukata majani mabichi ya mgomba, mapana, yasiyochanika, na kuyapanga chini ya mti pamoja na kamba za magome ya mgomba. Kama majani hayako tayari, kisu kisiguse shina. Naomba nirudie kwa ajili ya vijana: kama majani hayako tayari, kisu kisiguse shina.

Kisha unakwangua ile ngozi ya nje ya kijivu, ukiwa bado unalifanyia kazi gome likiwa mtini. Ngozi hiyo haiwi nguo. Ukiiacha itavunjika vipande vipande chini ya nyundo na kuacha madoa. Unakwangua mpaka uone unyevu na rangi mbichi, si zaidi. Halafu unakata pete ya chini na pete ya juu, na mkato mmoja wa wima unaoziunganisha. Mkono uwe mwepesi. Kisu kinatakiwa kukata gome na kusimama pale mbao zinapoanza, kwa sababu kila kovu utakaloacha kwenye mbao litakuwa tundu au uvimbe kwenye gome la mwakani.

Baada ya hapo kisu kinawekwa chini. Gome linafunguliwa kwa kabari iliyochongwa kutoka kikonyo cha jani la mgomba. Kwa nini mgomba na si panga, si bisibisi, si kipande cha bati? Kwa sababu mgomba ni laini. Unapita kati ya gome na mbao bila kukwaruza. Unaingiza kabari kwenye mkato wa wima, unasukuma taratibu kuzunguka shina, juu na chini kwa usawa, mpaka gome litoke likiwa kipande kimoja kizima.

Na sasa gome limetoka, zuri, jeupe kwa ndani, kila mtu anataka kulishika. Liacheni! Liwekeni kivulini na mrudi kwenye shina. Uso wa shina usipanguswe, usishikwe na viganja, usioshwe. Kila unapogusa unaondoa zile chembe zilizokuwa zijenge gome jipya, na alama ya vidole utaiona mwakani, imeandikwa kwa sehemu kavu isiyoota kitu. Wako wanaopaka kinyesi cha ng'ombe kwanza, na ni desturi ya siku nyingi, wako wasiopaka. Wote hufunga majani. Yapishane vizuri, yazidi kidogo juu na chini ya jeraha, yafungwe kwa kamba za mgomba. Waya hapana. Kamba ya nailoni pia hapana, kwa kuwa haiozi na haiachii, na shina likianza kujaa litakatwa shingo. Majani yatakauka yenyewe siku zinavyokwenda, na chini yake utakuta shina limeshika ngozi mpya. Usiyafungue kila siku kuchungulia.

Mti uliovuliwa hivyo huachwa upumzike mwaka mzima ndipo uvuliwe tena, na huko Buganda mti mmoja hutajwa kutoa gome kwa miaka 30 hata 40. Gome la kwanza la mti mchanga ni zito na gumu, halileti nguo nzuri. La pili ni afadhali. Kuanzia la tatu ndipo fundi hutabasamu. Kwa hiyo anayekata tamaa baada ya gome la kwanza amekata tamaa kabla shamba halijaanza kuzaa.

Mnataka kujua mti hufa kwa nini hata mikononi mwa watu waliofundishwa? Mara nyingi ni mambo matatu tu. La kwanza ni kuvua wakati wa kiangazi: gome linang'ang'ania, linachanika, linaondoka na ule utando, na mbao zinakauka mbele ya macho yako. La pili ni kuvua mti mwembamba au ulio mgonjwa, usio na akiba. La tatu ni tamaa ya kurudi kabla ya mwaka kwa sababu mnunuzi amepiga simu. Mnunuzi akipiga simu mwezi wa sita baada ya kuvua, mwambie mwezi wa sita mti umelala.

Na jambo jingine, nalisema bila kuzunguka. Msiende kuvua miti ya msitu wa Kakamega. Huko kuna mikuyu mingi na kuna pia Antiaris toxicaria, ambao Waganda wanauita kirundu na gome lake nalo hutengenezewa nguo, na najua macho yameanza kutembea. Msitu ule umehifadhiwa tangu 1933, na upande wa kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa tangu 1985. Mbali na sheria, ufundi wenyewe unakataa: gome linahitaji mti unaoujua, uliouondolea machipukizi tangu ukiwa mchanga, unaoweza kuufunga na kuurudia. Mti wa msituni umejaa vifundo, na kila kifundo ni tundu kwenye nguo.

Haya, tumefika kwenye nyundo. Naona mafundi wamekaa sawa.

Gome lililotoka asubuhi lifanyiwe kazi siku hiyo hiyo. Kwanza linalainishwa kwa joto. Desturi ni kuwasha majani makavu ya mgomba na kulipitisha gome kwenye moto wake mwepesi. Siku hizi wengi hutumia pipa la maji moto au mvuke. Joto linatoa utomvu na kulegeza nyuzi. Lisiungue. Gome lililobabuka pembeni litapasuka hapo hapo likipigwa.

Kisha banda. Banda la kupigia lina paa, lakini halina kuta. Watu huuliza mbona halikamilishwi. Limekamilika! Paa linazuia jua lisikaushe gome upesi, na kukosa kuta kunaleta hewa na mwanga kwa anayepiga. Ndani kuna gogo refu lililosawazishwa juu, na mpigaji hukaa chini, gome limelala juu ya gogo.

Nyundo yenyewe, ambayo Waganda huiita ensaamu, ni ya mbao ngumu na nzito, kichwa chake ni cha mviringo na mpini umetoka kwenye mti huo huo. Kichwa kimechongwa mifereji kukizunguka. Na nyundo si moja, ni tatu: ya kwanza ina mifereji mipana, ya pili ya wastani, ya tatu myembamba sana. Wachongaji, hapa ndipo mlipoitwa. Mtu akipiga gome kwa nyundo isiyo na mifereji atalisaga. Ile mifereji inafinya gome kwa mistari, nyuzi zinasukumwa pembeni na kutanuka bila kukatika. Mifereji ikiwa na ncha kali kama ilivyotoka kwenye tupa, itakata nyuzi, kwa hiyo lainisheni kingo zake. Na mbao laini hazifai, kwani mifereji itajifuta kabla ya nguo ya tano.

Nyundo ya kwanza inapita gome zima, kutoka ukingo hadi ukingo, bila kukaa mahali pamoja. Hapo ndipo mwanafunzi anapoharibu. Anaona sehemu imeanza kutanuka vizuri, anafurahi, anaendelea kupiga hapo hapo, na baada ya dakika chache anaona mwanga wa jua upande wa pili. Baada ya nyundo ya kwanza gome hukunjwa, tabaka zikapigwa pamoja ili unene ulingane, ndipo ya pili ifuate, kisha ya tatu. Gome likianza kukauka katikati ya kazi hunyunyiziwa maji kidogo. Kazi ikikatizwa na usiku, hukunjwa na kufunikwa kwa majani mabichi.

Hesabu ni hivi. Urefu wa gome hauongezeki sana, unaoongezeka ni upana. Shina lenye mzunguko wa sentimita 60 na urefu wa mita mbili na nusu usio na matawi hutoa gome la upana huo huo wa sentimita 60. Likipigwa vizuri upana unafika mara nne, yaani karibu mita mbili na nusu. Anayetaka nguo pana kuliko hiyo kutoka shina hilo hilo atapata wavu.

Baada ya kupigwa, nguo hutandazwa juani juu ya nyasi, na kingo zake huwekewa mawe ili isijikunje wala kusinyaa. Ile rangi ya udongo wa matofali ambayo imeipa sifa haitokani na dawa yoyote: gome linapotoka mtini limepauka, na jua na hewa ndivyo vinavyolikoleza. Upande ulioangalia juu hukolea zaidi. Mwisho nguo hufikichwa kwa mikono, kwa muda mrefu, mpaka ilegee.

Mafundi cherehani, yenu ni machache lakini msiyapuuze. Nguo hii haikufumwa, kwa hiyo ukiikata haifumuki ukingoni, hamhitaji kupinda. Nyuzi zake nyingi zimefuata urefu wa shina. Ukikata mkanda wa mkoba, ukate kufuata urefu huo, maana ukikata kwa upana utavutika na kuchanika. Mishono iwe mirefu. Ukiweka mishono midogo iliyosongamana, sindano inakata nyuzi nyingi kwenye mstari mmoja na nguo itaachia hapo. Matundu ya vifundo hushonewa kiraka cha gome kutoka ukingoni mwa nguo hiyo hiyo, kwa mkono. Kiraka kilichoshonwa vizuri si aibu, mteja anayeijua nguo hii hukitazama kwanza. Mkoba au kofia wekeni bitana ya pamba. Na mwambieni mnunuzi ukweli kabla hajalipa: haifuliwi. Ikilowa inalegea na kupoteza umbo, ikikauka inakakamaa. Hufutwa vumbi kwa kitambaa kikavu, basi. Anayetaka shati la kuvaa shambani na kulifua Jumamosi, mwelekezeni soko la Kibuye kwenye mitumba, mtabaki marafiki.

Hili linanileta kwenye soko, na nitasimulia kwa ufupi. Katika miaka ya 1840, zama za Kabaka, yaani mfalme, Ssuuna wa Pili, misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilifika Buganda na vitambaa vya pamba, ile merikani tunayoijua kwenye historia. Mpaka hapo nguo ya gome ilikuwa imevaliwa na mkubwa na mdogo, na ikiuzwa kwa majirani. Je, merikani ilishinda kwa uzuri? Ilishinda kwa kufulika. Nguo ya gome ikarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ikabaki kwenye maziko, matambiko na sherehe za ufalme. Kisha katiba ya Uganda ya 1967 ikafuta falme zenyewe. Zilirudishwa 1993, na Kabaka Mutebi wa Pili alitawazwa tarehe 31 Julai mwaka huo. Mwaka 2005 UNESCO ikautangaza ufundi huu kuwa hazina ya urithi wa binadamu, na 2008 ukaingizwa kwenye orodha ya urithi usioshikika.

Kwa hiyo mkiitengeneza, msishindane na pamba mahali ambapo pamba ilishinda zamani. Tengenezeni vivuli vya taa, mapambo ya ukuta, majalada, mikoba, kofia. Na mkiuza ng'ambo ya Busia, kumbukeni kwamba kwa mzee wa Masaka hii ndiyo nguo inayofunga maiti. Usimpelekee shuka la kitanda ukashangaa kwa nini anakutazama hivyo.

Wala msiseme mmeuvumbua. Buganda kazi hii ina wenyewe: ni ya ukoo wa Ngonge, na mkuu wake wa ufundi huitwa kaboggoza, cheo cha kurithiwa. Mnapajua Kasubi, pale Kampala, makaburi ya makabaka? Nyumba kuu ya pale iliungua tarehe 16 Machi 2010. Ndani yake kulikuwa na pazia kubwa la nguo ya gome linalotenga sehemu takatifu. Ilipofika zamu ya kujenga upya, haikuwa kazi ya kila mtu kushika kila kitu. Kuezeka ni kwa ukoo wa Ngeye. Mapambo ya nyumba ni ya ukoo wa Ngo. Ilichukua miaka mingi, na mwaka 2023 Kasubi ikaondolewa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Sisi hatuna koo za namna hiyo kwa kazi hii, lakini ule mgawanyo tuuchukue. Mvuaji awe mvuaji, anayelala akiwaza shina. Mpigaji awe mpigaji. Mshonaji awe mshonaji. Mtu mmoja akifanya yote, kitu cha kwanza atakachokifanya haraka haraka ni kufunga majani, kwa sababu majani hayaleti pesa leo.

Sasa, kupanda. Husimuliwa Buganda kwamba Kabaka Ssemakookiro, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa ile ya 19, aliwaamuru watu wake wote wapande mituba. Mnaona alipoanzia mfalme? Hakuanza kwa kuagiza nguo.

Mutuba haupandwi kwa mbegu. Mbegu zake huangushwa na ndege juu ya miti mingine au kwenye nyufa za ukuta, na huko ndiko zinakoota na kuleta matatizo. Unapandwa kwa tawi nene. Chagua mti mama wenye shina lililonyooka na gome lisilo na vifundo, maana tawi litamfuata mama yake. Kata tawi la urefu wa mita mbili hadi mbili na nusu, unene wa kifundo cha mkono wa mtu mzima au zaidi. Ondoa majani yote. Lisimamishe kivulini siku moja au mbili mpaka utomvu ukauke kwenye mkato. Shimo liwe la nusu mita. Weka alama upande wa juu tangu unapokata, kwa sababu wako watu, tena wengi, wanaopanda tawi kichwa chini na kulaumu mvua. Shindilia udongo kwa nguvu. Tawi linalotikisika kwa upepo linakata mizizi yake kila usiku. Mkato wa juu upake udongo wa mfinyanzi, ufunike kwa gome la mgomba.

Liweke wapi? Katikati ya migomba au kahawa, mita sita hivi kati ya mti na mti, kama Waganda wanavyofanya. Kivuli chake ni chepesi na majani ya kufungia utayakuta hapo hapo. Mbali na nyumba, mbali na tangi la maji, mbali na choo. Mizizi ya jamii hii haina adabu mbele ya saruji.

Halafu kuna kazi ndogo ambayo ndiyo inayotengeneza nguo. Kila chipukizi linalotokea shinani chini ya usawa wa matawi, libanduliwe kwa kidole lingali laini. Ukisubiri mpaka liwe la kukatwa kwa panga, umekwisha pata kifundo. Na shina hilo lisipigiliwe msumari wa seng'enge, lisichongwe majina ya wapenzi, lisifungiwe ng'ombe. Kwenye ua za huku kwetu mutuba ndio nguzo inayopendwa na fundi wa seng'enge. Kama unayo miti hiyo tayari, ng'oa waya uihamishie kwenye nguzo iliyokufa, lakini usitarajie nguo kutoka sehemu iliyokwisha tobolewa.

Mti ulio kwenye ardhi nzuri na mvua ya kutosha utaanza kuvulika kati ya mwaka wa tano na wa kumi. Ndiyo, nimesikia mguno. Hiyo ndiyo sababu tumewaita mwanzoni mwa mwaka. Mashimo yachimbwe Februari, matawi yakatwe mvua ya Machi ikishashika, na ukingo wa miiba uwekwe siku ile ile ya kupanda, kwa kuwa mbuzi anayapenda machipukizi ya mutuba kuliko unavyoyapenda wewe. Wachongaji mna miaka ya kufanyia mazoezi nyundo. Wenye mti mkubwa usio na misumari, tuonane pembeni tuutazame kabla hamjaugusa. Na wanaotaka matawi waandike majina yao kwa karani pale mlangoni, waonyeshe na idadi ya mashimo waliyo nayo.

Sasa maswali. Tuanze na mama aliyeinua mkono tangu habari ya pipa la maji moto.